Ukiambiwa "utafiti umethibitisha": ninavyosoma mapitio ya tiba za meno na za akili

Mimi ni tabibu wa meno katika hospitali ya wilaya, upande huu wa Mlima Meru ambako maji yana floraidi nyingi na watu wazima wengi wana meno ya kahawia. Chumba changu kimepakana na kliniki ya afya ya akili, na benchi la kusubiria ni moja. Kwa hiyo wagonjwa wetu wanachanganyika, maswali yao pia. Huyu anauliza kama amoxi, ile antibiotiki ya amoksisilini, itatuliza jino, yule anauliza kama mazoezi yanatosha badala ya vidonge vya sonona. Na kila mmoja ana simu yenye ujumbe unaoanza na maneno "utafiti umethibitisha".

Mimi huuliza: upi? Utafiti mmoja mmoja hupingana na mwenzake kila siku. Mapitio ya kimfumo ni kazi tofauti. Watafiti wanaandika swali lao kabla ya kuanza, wanatafuta majaribio yote yaliyowahi kufanywa juu ya swali hilo, hata yasiyowapendeza, wanayapima ubora, na inapowezekana wanajumlisha hesabu zake. Wanaojulikana zaidi kwa kazi hii ni Cochrane, mtandao ulioanzishwa Uingereza mwaka 1993 na kupewa jina la Archie Cochrane, daktari wa Scotland aliyewalaumu wenzake kwa kukosa muhtasari wa majaribio ya fani zao. Kuyasoma hakuhitaji shahada. Kunahitaji bando na subira ya kufika chini ya ukurasa.

Kwanza, yapate mapitio yenyewe

Usisome habari inayozungumzia mapitio, fungua mapitio. Andika kwa Kiingereza jina la tatizo, jina la tiba, kisha neno Cochrane. Kila mapitio yao yana muhtasari wa lugha nyepesi unaosomwa bure, na baadhi ya mihtasari hiyo imetafsiriwa kwa Kiswahili. Kabla hujasoma lolote, tazama ni lini walitafuta tafiti kwa mara ya mwisho. Tarehe hiyo haifanani na ile ya kuchapishwa, na mapitio yaliyochapishwa juzi yanaweza kuwa yamefunga mlango miaka miwili nyuma.

Yasiyo ya Cochrane utayakuta PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, na mengine ni mazuri sana. Ila chagua. Mwaka 2016 John Ioannidis wa Stanford aliandika kwamba mapitio yanazalishwa kwa wingi kupita kiasi, na kwamba mengi yanarudia kazi ya wengine au yanapotosha. Kwa hayo ya nje mimi hutafuta namba ya PROSPERO, daftari la Chuo Kikuu cha York ambamo watafiti huandikisha mpango wao kabla ya kuanza. Yakikosa namba siyatupi, ila nayasoma kwa jicho kali.

Uliza: nani, alipewa nini, alilinganishwa na nani, kikapimwa nini

Mzee mmoja aliingia kwangu ameshika simu mbele kama kitambulisho. Nikamwamkia, naye badala ya kuitikia akasema, "Binti, kumbe mnatudanganya. Kusafisha meno kwa mashine hakuna faida, wazungu wamegundua."

Mapitio aliyokuwa akiyasema yapo kweli, na nayaheshimu. Ni ya mwaka 2018, yana majaribio mawili ya Uingereza yenye watu 1,711. Waliopangiwa kusafishwa meno kila miezi sita au kila mwaka walilinganishwa na ambao hawakupangiwa, na baada ya miaka miwili hadi mitatu fizi zao hazikuwa na tofauti ya maana. Uhakika wa ushahidi: wa juu.

"Mzee, hao waliopimwa ni akina nani?"

"Si watu?"

Ni watu wazima wanaokwenda kwa daktari wa meno mara kwa mara, wasio na ugonjwa mkubwa wa fizi. Nikamwomba afungue kinywa. Ugaga, ule uchafu ulioganda ukawa mgumu, ulikuwa umefunika meno ya mbele ya chini mpaka mianya haionekani, na ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kwenye kiti cha meno. Mapitio yale hayamhusu hata kidogo. Yanamhusu mtu wa mjini anayesafishwa kila baada ya miezi sita kwa mazoea na kulipia. Huyo, kama fizi zake ni nzima, nitamwambia bila kigugumizi kwamba anaweza kubaki na hela yake.

Soma uhakika kabla hujasoma mwelekeo

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapotea, wakiwemo wenzangu wa kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mapitio mazuri hutoa daraja la uhakika: wa juu, wa wastani, mdogo, mdogo sana. Daraja hilo linakwambia iwapo jaribio jipya linaweza kubadilisha jibu. Na haliendi kwa wingi wa tafiti. Mapitio ya kusafisha meno yana majaribio mawili tu, lakini makubwa na yaliyofanywa vizuri, ndiyo maana yamepata uhakika wa juu.

Sasa yaweke kando ya mapitio ya antibiotiki kwa jino ambalo kiini chake kimevimba, lile linalouma usiku mpaka mtu anatembea nje. Mapitio haya yamefanywa upya zaidi ya mara moja, na kila walipotafuta waliambulia jaribio lile lile moja, la watu 40. Nusu yao walipewa penisilini kwa siku saba, nusu kidonge kisicho na dawa. Maumivu hayakutofautiana, wala idadi ya vidonge vya kutuliza walivyomeza. Uhakika: mdogo.

Kwa mbali majibu yote mawili yanasema "hakuna tofauti". Lakini la kwanza maana yake ni kwamba wametazama vizuri na tofauti haipo. La pili maana yake ni kwamba waliotazama ni wachache, na hawakuiona. Ukikuta maneno "hakuna ushahidi wa kutosha", usiyafanye kuwa "haifai". Mapitio ya mwaka 2020 kuhusu kung'oa magego ya mwisho yaliyokwama lakini hayasumbui yako hivyo hivyo. Walipata tafiti mbili tu, na hawakuweza kusema kama ni bora kuyang'oa au kuyaacha. Anayekwambia sayansi imeamua, upande wowote, ameongeza la kwake.

Kama ushahidi ni mdogo, kwa nini basi nawakatalia watu amoxi? Kwa sababu uamuzi hautokani na mapitio peke yake. Kiini cha jino kimefungiwa ndani ya ukuta mgumu, kimevimba, na vidonge haviwezi kutoa uvimbe huo. Kinachotibu ni kulifungua jino, kutibu mzizi au kuling'oa. Antibiotiki zikinywewa ovyo zinafuga vijidudu sugu. Ila shavu likivimba, ukapata homa, au ukashindwa kumeza au kufungua kinywa, hiyo ni habari nyingine kabisa: nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kwa maumivu yenyewe kuna mapitio yanayosaidia. Yale ya mwaka 2013 yalikusanya tafiti saba zenye watu 2,241 waliong'olewa magego ya mwisho, yakaona ibuprofeni miligramu 400 inatuliza kuliko paracetamol miligramu 1,000. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo, au mjamzito, asikimbilie ibuprofeni. Aulize kwanza.

Asilimia iulizwe: ya wangapi?

Mapitio ya mwaka 2021 yalisema antibiotiki zikitolewa kwa anayeng'olewa jino huenda zikapunguza maambukizi kwa takriban asilimia 66. Ukiishia hapo utatoa dawa kwa kila mtu. Endelea sentensi inayofuata: inabidi watu 19 wanywe dawa ili mmoja aepuke maambukizi. Wale 18 wamekunywa bure, na baadhi yao wataharisha au kutoka vipele. Namba zote mbili zinatoka kwenye hesabu ile ile. Mwenye kuuza atakutajia ya kwanza.

Soma zaidi utakuta kwamba wengi wa waliopimwa walikuwa vijana wenye afya njema, waliong'olewa magego ya mwisho. Watafiti wenyewe wanasema hawawezi kuwasemea wenye kinga dhaifu. Hapa kwetu mgonjwa wa kisukari au anayeishi na VVU huja kila wiki, na kwa hao natumia mwongozo na akili ya kazi, nikijua mapitio yamekaa kimya.

Tazama kinachobaki majaribio dhaifu yakiondolewa

Kwenye tiba za akili hatua hii ndiyo yenye utamu zaidi. Dada muuguzi wa chumba cha pili, ile kliniki ya akili, alinipa mfano huu wakati tunasubiri umeme urudi.

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2013 kuhusu mazoezi kwa watu wenye sonona yana majaribio 39. Katika yale 35 yaliyolinganisha mazoezi na kutofanya chochote au na kitu kisicho tiba, faida ilikuwa 0.62. Kwenye kipimo hiki 0.2 ni ndogo, 0.5 ni ya wastani, 0.8 ni kubwa, kwa hiyo 0.62 si haba. Kisha watafiti wakabakiza majaribio sita tu, ambamo aliyewagawa watu hakujua mapema nani ataingia kundi lipi, hesabu ikamjumuisha kila aliyeanza, na mpimaji hakujua nani alikimbia na nani alikaa. Faida ikashuka hadi 0.18, na ukingo wa chini wa makadirio hayo ukavuka sifuri, yaani inawezekana faida haipo kabisa.

Kwa nini ishuke hivyo? Kwa sababu sonona haina kipimo cha damu. Anayejua amefanya mazoezi ndiye anayejaza dodoso la hali yake, naye ana kila sababu ya kutumaini. Hiyo si kusema mazoezi ni bure. Mapitio hayo hayo yaliyalinganisha na tiba ya mazungumzo na dawa, hayakuona tofauti kubwa, ingawa watu walikuwa wachache. Mimi na dada huyo tunawaambia watu watembee. Hatuwaambii watembee badala ya vidonge walivyoanzishiwa.

Basi kila mapitio ya tiba ya akili unayofungua, tafuta sehemu wanapoeleza ubora wa majaribio, kisha uliza matokeo yanakuwaje wakibakiza yaliyo bora peke yake. Wasiposema, andika pembeni kwamba hawakusema.

Kuna tafiti zisizoletwa mezani

Mwanafunzi anayemwonyesha baba yake mitihani aliyofaulu tu ataonekana hodari. Kampuni za dawa zilifanya hivyo. Mwaka 2008 Erick Turner na wenzake walichukua tafiti 74 za dawa 12 za sonona zilizoandikishwa kwa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wakazilinganisha na zilizochapishwa. Mamlaka ilihesabu tafiti 38 kuwa zimeonyesha dawa inafanya kazi, na 37 kati ya hizo zilichapishwa. Zilizobaki, 36, dawa haikufaulu au matokeo yalikuwa ya mashaka. Humo, 22 hazikuchapishwa, 11 ziliandikwa kana kwamba zimefaulu, na tatu tu ndizo zilizosema ukweli wake. Msomaji wa majarida aliona ushindi wa asilimia 94. Faili za mamlaka zilionyesha asilimia 51.

Ndiyo maana nayathamini mapitio yanayosema wazi kwamba yalitafuta hata tafiti ambazo hazikuchapishwa. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walifanya hivyo: majaribio 522, watu 116,477, dawa 21 za sonona. Zote zilizidi kidonge kisicho na dawa, kwa kiasi cha kawaida, na majaribio mengi yalipima wiki nane tu. Iliyoongoza kwa nguvu ilikuwa amitriptilini, dawa ya zamani, ya bei nafuu, ile ile inayotoka kwenye dirisha la dawa hospitalini kwetu.

Lakini uliza tena: nguvu ya kufanya nini? Walipima sonona, hawakupima kinywa. Amitriptilini hukausha mate, na mate ndiyo yanayolinda meno. Mgonjwa wa chumba cha pili anaanza kunyonya peremende ili kinywa kilowe, na mwaka unaofuata ni wangu, meno yametoboka kwenye shingo ya jino. Mapitio ya Steve Kisely na wenzake ya mwaka 2011 yaliona watu wenye magonjwa makali ya akili wana uwezekano mara 3.4 zaidi ya wengine wa kubaki bila jino hata moja. Sababu ni nyingi: dawa, sigara, umaskini, na sisi watoa huduma tunaowaona na kufikiri ni wa chumba kingine.

Na tiba ya kinywa kikavu? Mapitio ya mwaka 2011 yalipitia majaribio 36 ya dawa za kupuliza, jeli, peremende maalumu na nyinginezo, hayakupata ushahidi wenye nguvu kwamba hata moja inaondoa ukavu. Kwa hiyo ninachoshauri ni cha bei ndogo: maji kidogo kidogo, soda na peremende za sukari zikae mbali, dawa ya meno yenye floraidi asubuhi na kabla ya kulala, na kuja kutazamwa mapema. Namwambia mgonjwa wazi kwamba ushauri huu natoa kwa kuelewa jinsi jino linavyooza.

Je, watu waliopimwa wanafanana na wa kwako?

Dawa ya meno yenye floraidi ina ushahidi mnene kuliko karibu kila kitu ninachofanya. Mapitio ya mwaka 2003 yalijumlisha majaribio 70 ya watoto 42,300, na kuoza kwa meno kulipungua kwa asilimia 24. Sasa mama wa huku Meru ananiuliza, "Daktari, maji yetu tayari yanawatia watoto meno ya kahawia, niongeze tena floraidi?" Swali halali. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya visima huku vinapita hapo. Mapitio mengine, ya mwaka 2010, yalionyesha kwa ushahidi dhaifu kwamba kuanza dawa ya floraidi kabla ya mtoto kutimiza mwaka huenda kukaongeza madoa. Mimi humjibu: mtoto mdogo mpakie kiasi cha chembe ya mchele, mpige mswaki wewe mwenyewe, ateme, na nguvu yako kubwa ielekeze kwenye maji anayokunywa. Asilimia 24 ni kweli, ila hesabu yake haikupigwa kwa ajili ya visima vya hapa kwetu Arumeru.

Kwenye afya ya akili wengi hudhani kila ushahidi ni wa nchi tajiri. Siyo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2021 yana majaribio 95 kutoka nchi 30 za kipato cha chini na cha kati, yote yakihusu tiba zinazotolewa na wahudumu wa jamii na wengine wasio mabingwa. Yanaona huenda tiba hizo zinasaidia watu kupona sonona na wasiwasi. Miongoni mwa majaribio ya Afrika yanayojulikana, lile la Uganda la mwaka 2003 lilifanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watu wakikaa kwenye vikundi vya mazungumzo. Na Harare, Dixon Chibanda na wenzake waliwafunza wanawake wa rika la bibi zetu kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Jaribio lao la mwaka 2016 lilikuwa na watu 573, na baada ya miezi sita waliobaki na dalili walikuwa kama asilimia 14, dhidi ya 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Ni jaribio moja, si mapitio, lakini waliopimwa wanafanana na wanaokaa kwenye benchi letu.

Wema nao upimwe

Basi likipinduka, watu wenye nia njema huwakalisha manusura siku hiyo hiyo na kuwataka wasimulie yote, kikao kimoja, biashara imekwisha. Mapitio ya mwaka 2002 yenye majaribio 15 hayakuona kwamba kikao cha namna hiyo kinazuia madhara ya akili ya baadaye, na jaribio mojawapo lilikuta waliokalishwa wana hali mbaya zaidi mwaka mmoja baadaye. Mpe mtu maji, mtafutie ndugu zake, mwache aseme akitaka.

Na yapo maswali yasiyosubiri mapitio. Huku bado kuna wanaoamini homa na kuhara kwa mtoto mchanga kunaletwa na "meno ya plastiki", na wanavichokonoa vijino vichanga kwa kitu chenye ncha. Hakuna jaribio la kulipima hilo, wala halitafanywa. Mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, wakati anachohitaji ni maji ya chumvichumvi ya kutibu kuhara (ORS) na zahanati.

Ukija na mapitio yako

Njoo nayo, nitafurahi. Andika kwenye karatasi jina lake, mwaka, watu wangapi, daraja la uhakika, na kama waliopimwa wana umri na ugonjwa kama wako. Kisha uliza swali moja kuhusu wewe: "Kwa hali yangu hii, nikifanya nitapata nini, nisipofanya itakuwaje?" Tabibu akikasirika, jaribu mwingine.

Sharti langu ni moja tu. Vidonge vya akili havisimamishwi ghafla kwa sababu ya kitu kilichosomwa, hata kama umekisoma vizuri. Kupunguza dozi kunapangwa chumba cha pili, taratibu, na ukitoka huko pitia kwangu nikutazame mate na meno. Benchi ni lile lile, hutapanga foleni mara mbili.